Kipimo Kisichoonekana: Haki ya Mnunuzi wa Intaneti



Ndugu wapendwa, viongozi wa Halmashauri ya Walei, makatekista na wajumbe wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Mmezoea kutusikia katika semina hizi tukisema juu ya mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane na mifugo iingiayo katika mazao ya watu. Leo tunasema juu ya intaneti, na tunakiri kwamba hata sisi tulisita. Tulidhani ni mambo ya vijana. Lakini mezani petu yanakuja malalamiko ya namna moja: salio limeliwa, kifurushi kimeisha kabla ya wakati, nimepiga simu siku tatu sijajibiwa. Na wanaolalamika si vijana peke yao.

Hapa Nyabibuye kila mkulima anajua maana ya lumbesa. Mnunuzi huja na gunia lake, hulijaza hadi mdomoni, kisha huongeza juu yake kilemba kilichofungwa kwa kamba, akalipa bei ya gunia moja. Sheria imekataza, na Wakala wa Vipimo upo kwa kazi hiyo. Hata pale anapoonewa, mkulima huona kwa macho yake jinsi anavyoonewa. Kilemba kile kiko mbele yake.

Mkulima huyohuyo jioni hununua kifurushi cha shilingi 1,000. Huambiwa amepewa megabaiti kadhaa. Ni nani kati yetu aliyewahi kuiona megabaiti? Ni debe la ukubwa gani? Muuzaji ndiye mwenye debe, ndiye apimaye, ndiye aandikaye kilichobaki, na ndiye atangazaye kwamba kimekwisha. Mnunuzi hana mizani yake. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuzidisha bei, naye alisema juu ya nafaka, kitu kinachoshikika mkononi. Kipimo kisichoonekana kinadai uaminifu mkubwa zaidi kwa yule anayekishika.

Tuangalie kidogo tulikotoka. Katikati ya miaka ya 1990, kampuni za kwanza za intaneti zilipoanza kazi Dar es Salaam, wateja wao walikuwa maofisi, mahoteli na watu wenye uwezo. Huku kwetu, wakati huo tukiwa bado chini ya Wilaya ya Kibondo, tuliandika barua tukangoja. Mwaka 2003 ilitungwa sheria iliyounda Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA. Mwaka 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulifika pwani yetu, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Mkongo wa Taifa ukayapeleka mawasiliano hayo mikoani. Mwaka 2015 iliingia kampuni ya Halotel, yenye mtaji wa Vietnam, ikielekeza nguvu nyingi vijijini, na ushindani ukaongezeka. Mwishoni mwa mwaka 2024 TCRA ilihesabu laini zaidi ya milioni 40 zinazotumia intaneti nchini. Mzingatie kwamba hizo ni laini, si watu. Kijana mwenye laini tatu amehesabiwa mara tatu.

Ukuaji huo haukuletwa na fedha za kampuni peke yake. Tangu mwaka 2006 tunayo sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao hutoa ruzuku ili minara ijengwe mahali pasipo na faida ya haraka. Mwezi Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Basi mnara unaposimama kijijini kwa ruzuku ya namna hiyo, tusiutazame kama hisani ya tajiri. Mna sehemu yenu ndani yake.

Kuna jambo jingine ambalo tungependa mlitafakari kwa utulivu. Sisi tulio wengi hulipa kwanza, kisha ndipo tunahudumiwa. Tangu dakika ile uliyonunua kifurushi, kampuni ina fedha yako nawe unaidai huduma. Wewe ndiwe mdai! Lakini angalieni tunavyozungumza na kampuni: kwa sauti ya mwombaji, tukianza na samahani, na tukikata tamaa mara sauti ya mashine inapotuambia wahudumu wote wana kazi.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 waya za SEACOM na EASSy zilikatika baharini, kusini, kati ya Msumbiji na Afrika ya Kusini, na intaneti ikasuasua Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Si kosa la kampuni waya kukatika chini ya bahari. Lakini vifurushi vya siku tulivyokuwa tumenunua sisi vilikufa saa yao ilipofika, kana kwamba tumevitumia. Huduma haikuwepo, muda wa kuihesabu ukaendelea kwenda. Hapo pana suala la haki, hata kama hapana mwizi.

Msidhani kwamba kelele za wateja hazisikiki. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 2 Aprili 2021, vilianza kutumika vifurushi vipya, na watu wakaona kwamba fedha ileile inawapa kidogo kuliko jana. Wananchi walilalamika nchi nzima, na siku hiyohiyo Serikali ikasitisha bei zile. Ila kelele za nchi nzima husaidia jambo la nchi nzima. Shilingi mia mbili za katekista mmoja wa kigangoni hazina wa kuzipigia kelele.

Huyo katekista tunamjua, na ameturuhusu tuseme habari yake bila jina. Kila asubuhi alikatwa fedha kwa huduma ya ujumbe ambayo hakumbuki kuiomba. Alisafiri hadi mjini, akaambiwa apige simu. Akapiga, akaambiwa aende mjini. Miezi miwili ikapita. Tukaketi naye, tukaandika katika karatasi tarehe, saa na kiasi cha kila makato, kwa kufuata jumbe zilizokuwa bado katika simu yake. Kisha akapiga tena namba 100 akiwa na karatasi mkononi, akaomba namba ya kumbukumbu ya lalamiko lake. Safari hii yule binti aliyepokea alimsikiliza. Huduma ilifungwa, na baada ya wiki fedha ikarudi, ile tu iliyokuwa imeandikwa. Jumbe za mwezi wa kwanza alikuwa amezifuta, na fedha ya mwezi huo haikurudi.

Kwa haki hiyohiyo lazima tuseme upande wa pili. Ofisi yetu ya parokia iliwahi kununua kifurushi cha mwezi, kikaisha katika siku kumi. Tulikasirika, tukaandika barua kali. Kabla ya kuituma, kijana mmoja wa kwaya akafungua simu yetu mahali panapoonyesha matumizi ya data, akatuonyesha kwamba simu yenyewe ilikuwa ikivuta programu mpya usiku tukiwa tumelala, na video za kikundi cha wanakwaya zilijipakua zenyewe zote. Barua tuliichana. Kumsingizia mwenye duka ni dhambi ileile, hata duka likiwa kubwa.

Kwa hiyo tunawaombeni: mtu akija kulalamika, kwanza mfungue naye simu mtazame matumizi. Makato yasipoeleweka, mwandikeni tarehe na kiasi, wala asifute ujumbe wowote. Lalamiko liende kwanza kwa kampuni, kwa maana sheria inataka hivyo; likishindikana lipelekwe TCRA, ambako kuna kitengo cha malalamiko ya wateja, na asiyeridhika na uamuzi huweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Wazee wapigiwe *106# ili waone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Tumekuta mama mmoja ana laini asizozijua. Jumbe za matapeli zitumwe 15040. Na msitoe namba ya siri kwa mtu yeyote, hata akijiita mtumishi wa kampuni.

Daftari la malalamiko limefunguliwa kwa katibu wa Haki na Amani. Litakuwa mezani kila Jumapili baada ya Misa ya pili, na vijana wawili wanaojua kusoma menyu za simu watakuwapo. Wasiojua kuandika wataandikiwa. Tunaomba kila kigango kilete jina la mtu mmoja wa kufanya kazi hiyo kwake kabla ya kikao kijacho, naye awe mtu mwenye subira, kwa maana atasikiliza muziki wa simu kwa muda mrefu.