Ufa katika Njia ya Ndege

Mwaka mmoja mimi na wanafunzi wangu tulimwaga sakafu ya darasa lililokuwa bado halijaezekwa. Tulimwaga zege kwa siku moja, toka ukuta hata ukuta, tukaliacha likauke juani, nasi tukijisifu. Kabla ya mwezi kwisha ufa ulitambaa toka mlangoni hata ubaoni, kama mto katika ramani. Nilimlaumu aliyetuuzia simenti, kumbe kosa lilikuwa letu.

Wajenzi wa viwanja vya ndege wanaijua taabu hiyo, ila kwao haiishi katika aibu. Njia ya ndege ikipasuka, kingo za ufa humeguka vijiwe, na injini huweza kuvifyonza. Tarehe 25 Julai 2000, huko Ufaransa, ndege iitwayo Concorde ilikanyaga kipande cha chuma kilichodondoka kutoka ndege nyingine. Gurudumu lilipasuka, mafuta yakamwagika, moto ukawaka, wakafa watu 113. Kile kilikuwa chuma, si zege. Lakini mwaona jinsi kitu kidogo kinavyotosha.

Basi ufa hutoka wapi? Zege likikauka husinyaa. Mchana hutanuka, usiku hujikunyata. Zege la meta 100, joto likizidi kwa digrii 30, hurefuka kadiri ya sentimeta 3, wala hapana ukuta wa kulizuia. Methali yetu yasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini fundi wa njia ya ndege huanza kwa kuufanya ufa yeye mwenyewe. Saa chache baada ya kumwaga, mara zege linapoweza kustahimili msumeno, hulikata mistari iliyonyooka, kina chake robo au theluthi ya unene. Zege hupasuka chini ya mistari hiyo, mahali alipopachagua yeye, naye huiziba kwa dawa inayonyumbuka, maji yasipenye. Akilala mpaka kesho, zege litajichagulia. Kadhalika hulifunika na kulilowesha muda wa siku saba hivi, lisikauke upesi.

Njia za lami zina maradhi yake, nayo ni habari ya siku nyingine.

Lakini adui mkubwa yuko chini. Udongo mweusi wa nyanda za Athi, karibu na Nairobi, ambako kiwanja cha Embakasi kilifunguliwa mwaka 1958, huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Lolote lililojengwa juu yake huinuka na kushuka pamoja nao. Kwa hiyo mafundi huuchimba na kuutupa, au huuchanganya na chokaa, kisha huchimba mitaro ya kuyapeleka maji mbali. Mtaro ukizibwa kwa takataka, kazi yote ya juu ni bure.

Sakafu yetu tuliivunja mwaka uliofuata. Safari ile tuliimwaga vipande vipande, tukaifunika kwa magunia, na kila asubuhi wavulana wawili waliyamwagia maji kabla ya kengele.