Yoga: Mwili, Akili na Roho

Leo tunazungumzia yoga, mazoezi yenye asili ya India ya kale. Tangu mwaka 2015, dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Yoga kila Juni 21.

Tuanze na mwili. Mikao ya yoga hunyoosha misuli na kuimarisha mgongo. Mwaka 2017, mwongozo wa American College of Physicians, chama cha madaktari cha Marekani, uliitaja yoga miongoni mwa njia za kuanza nazo kutibu maumivu sugu ya kiuno, kabla ya dawa.

Sasa akili. Kama huendeshi gari, tujaribu pamoja. Keti wima, legeza mabega, weka kiganja tumboni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, tumbo liinuke. Itoe polepole ukihesabu hadi 6. Rudia mara tano. Kutoa pumzi taratibu hupunguza mapigo ya moyo, na wasiwasi nao hushuka.

Kwa roho, Wahindu wengi huifanya yoga kuwa njia ya ibada. Watu wa imani nyingine hufuata mikao na pumzi tu, na bado hupata utulivu wa kujitafakari.

Tahadhari: mjamzito, mwenye presha au ugonjwa wa macho wa glakoma aonane na daktari kwanza. Usiache dawa zako. Mkao ukiuma, acha mara moja.

Anza leo kwa dakika kumi. Afya yako ni mtaji wako, itunze.