Bega Limerudi Mahali Pake. Je, Limepona?

Popote ulipo, uwe jikoni, dukani, shambani au kwenye steji ukingoja abiria, naomba dakika chache za muda wako. Leo tunazungumza kuhusu bega, na hasa kuhusu kile kisahani cha bega kinapovunjika na kuhitaji upasuaji.

Hebu tuanze na mfano. Kijana wa bodaboda anateleza kwenye kona siku ya mvua. Anaanguka huku amenyoosha mkono, na bega linatoka. Wenzake wa steji wanamkimbilia. Mmoja anamshika kiuno, mwingine anamshika mkono, wanavuta. Bega linalia "ko!" na kurudi. Maumivu yanapungua, kijana anashukuru, na baada ya wiki moja yuko kazini. Mwezi wa pili anainua mkono avae helmeti, bega linatoka tena. Mwezi wa nne linatoka akijigeuza kitandani. Sasa hauamini tena mkono wake, na mkono huo ndio unaolisha watoto.

Je, ni nini kilichoharibika? Bega lilirudi, lakini halikupona. Kulikuwa na kipande cha mfupa kilichovunjika ambacho hakuna aliyekiona, kwa sababu hakupigwa picha.

Ili tuelewane, peleka mkono wako wa kulia nyuma ya bega la kushoto. Ule mfupa mpana, bapa, unaougusa mgongoni ndio kombe la bega. Upande wa nje wa mfupa huo kuna kisahani kidogo. Juu ya kisahani hicho ndipo kichwa cha mfupa wa mkono kinapozunguka. Sasa chukua kisosi cha chai, uweke chungwa juu yake. Bega lako liko hivyo. Chungwa ni kubwa, kisosi ni kidogo tena hakina kina. Ndiyo maana unaweza kuzungusha mkono wako kila upande, na ndiyo maana pia bega hutoka kwa urahisi kuliko viungo vingine vikubwa vya mwili. Chungwa hilo halianguki kwa sababu kuna ukingo wa gegedu unaozunguka kisosi, kuna kano, na kuna misuli minne inayolibana.

Sasa kisosi kinaweza kuvunjika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kumeguka ukingo. Hili hutokea bega linapotoka kwa nguvu: chungwa likitoka, linabeba kipande cha kisosi, mara nyingi upande wa mbele. Wachezaji wa raga wanalijua jambo hili. Njia ya pili ni kupasuka katikati. Mtu anagongwa na gari, anaanguka kutoka juu ya mti au mjengo, na chungwa linasukumwa kwa nguvu hadi kisosi kinapasuka. Wakati mwingine ufa unaendelea hadi kwenye kombe lenyewe.

Ukingo ukimeguka, chungwa halina kizuizi upande ule, na litaanguka tena na tena. Kisosi kikipasuka katikati na vipande visikae sawa, chungwa linasagika juu ya ngazi. Gegedu inalika, na baada ya miaka bega linakuwa na baridi yabisi ya kudumu. Kuchana nywele au kuanua nguo kwenye kamba kunakuwa kazi ngumu.

Kuvunjika kwa mfupa huu si jambo la kila siku. Katika mifupa 100 inayovunjika, wa kombe la bega ni 1 au hata chini ya hapo. Lakini uchache huo ndio hatari yake, kwani ni rahisi kusahauliwa. Tena, kombe limefunikwa na misuli minene. Likivunjika katika ajali kubwa, jua kwamba kifua kimepata kishindo pia. Kwa hiyo usishangae daktari akianza kwa kukagua mbavu na mapafu kabla ya bega. Pumzi kwanza, mfupa baadaye.

Ni dalili zipi zikufanye ushuku? Maumivu makali juu ya bega au nyuma yake baada ya kuanguka. Kushindwa kuinua mkono. Uvimbe au weusi wa ngozi. Umbo la bega kubadilika, likawa limebonyea. Bega linalohisi kama litachomoka ukiinua mkono. Na sehemu moja ya kuangalia kwa makini: ngozi ya upande wa nje, juu ya mkono, ikiwa imekufa ganzi. Hiyo huenda ni ishara kwamba mshipa wa fahamu umeumizwa. Mkono ukiwa baridi au umebadilika rangi, usisubiri hata kidogo.

Ukiwa hapo penye ajali, ufanye nini? Usivute. Narudia, mpenzi msikilizaji: usivute, na usikubali kuvutwa. Ukivuta mfupa uliovunjika unaweza kusukuma kipande mbali zaidi au kuumiza mishipa ya damu na ya fahamu. Chukua leso, uikunje pembe tatu, uning'inize mkono kifuani. Vua pete na bangili kabla vidole havijavimba. Ukipata barafu, ifunge ndani ya kitambaa. Usile wala usinywe ukiwa njiani kwenda hospitali, kwa maana huenda ukahitaji dawa ya usingizi.

Na mzee wa kukanda je? Najua wengi wetu humwendea yeye kwanza, na wengine wana mikono ya huruma kweli. Lakini vidole vya mtu, hata viwe vya hekima namna gani, haviwezi kuona mfupa ulio nyuma ya misuli. Tena kukandwa kwa mafuta ya moto juu ya mfupa uliovunjika huongeza uvimbe. Picha kwanza.

Hospitalini utapigwa picha za eksirei, na picha moja haitoshi. Bega hupigwa kutoka pande mbili au tatu. Bega likirudishwa, lazima lipigwe picha nyingine baada ya kurudi. Ikionekana kisahani kimeguswa, daktari wa mifupa atataka skani ya CT, inayoonyesha kipande kina ukubwa gani na kimesogea umbali gani. Kama hospitali uliyoanzia haina mashine hiyo, utapewa barua ya rufaa. Tafadhali usiiweke barua hiyo chini ya godoro.

Huenda unajiuliza, je, kila aliyevunjika kisahani hupasuliwa? La hasha. Ikiwa vipande havijasogea na chungwa limekaa katikati ya kisosi, mkono hufungwa shingoni kwa wiki chache, kisha mazoezi huanza. Wengi hupona hivyo. Sharti ni kurudi kupigwa picha katika wiki za mwanzo, kwa sababu kipande kilichotulia leo kinaweza kusogea kesho kutwa.

Daktari hufikiria upasuaji akiona mambo haya. Kwanza, kumetokea ngazi au pengo la kama milimita 4 au 5 kwenye uso wa kisahani. Pili, kipande kilichomeguka ni kikubwa, yapata sehemu moja kwa tano hadi moja kwa nne ya kisahani chote. Tatu, chungwa halikai katikati, linateleza kutoka. Pamoja na hayo ataangalia umri wako, kazi yako na afya yako kwa jumla. Fundi wa ujenzi mwenye miaka 30 na nyanya wa miaka 80 wanaweza kuwa na picha zinazofanana, lakini wakapewa matibabu tofauti. Hakuna aliyeonewa hapo.

Sasa sikiliza jambo hili kwa makini. Upasuaji huu mara nyingi si wa kukimbiziwa usiku wa manane, isipokuwa kama kuna jeraha lililofika kwenye mfupa, mshipa wa damu umekatika, au bega limekataa kurudi. Lakini pia si wa kungoja mavuno. Hufaa zaidi ukifanywa ndani ya wiki mbili za kwanza. Baada ya wiki tatu mfupa huanza kuunga jinsi ulivyo, hata kama umepinda, na misuli hushikamana. Kilichokuwa kunyoosha kinakuwa kuvunja upya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Upasuaji wenyewe hufanywaje? Utapewa dawa ya usingizi, na mara nyingi sindano karibu na shingo ya kuua ganzi mkono, ili ukiamka maumivu yasiwe makali. Kama kilichomeguka ni ukingo wa mbele, daktari hupitia mbele ya bega. Kama ufa uko nyuma au umeingia kwenye kombe, hupitia mgongoni. Kipande hurudishwa mahali pake na kushikiliwa kwa skrubu ndogo, au kwa chuma chembamba chenye skrubu. Katika hospitali zenye vifaa, kipande kidogo cha ukingo kinaweza kurudishwa kupitia matundu madogo, daktari akitazama kwa kamera. Vyuma hivyo kwa kawaida hubaki ndani, wala havikudhuru, mradi tu visisumbue.

Na yule kijana wetu wa bodaboda aliyechelewa, ambaye ukingo umelika kwa sababu bega limetoka mara nyingi? Hata yeye hajapoteza kila kitu. Mwaka 1954, daktari mmoja wa Ufaransa, Michel Latarjet, alieleza namna ya kukata kijimfupa kilicho mbele ya kombe, pamoja na kano zake, na kukifunga kwa skrubu penye ukingo uliokwisha. Ni kama kutia kiraka kwenye kisosi kilichomeguka. Njia hiyo bado hutumika leo. Wengine hutolewa kipande cha mfupa wa nyonga. Lakini ni kazi kubwa kuliko ile ambayo ingefanywa wiki ya kwanza.

Nisikufiche, kila upasuaji una hatari zake. Kidonda kinaweza kuingia viini. Mshipa wa fahamu unaweza kuguswa. Skrubu inaweza kujitokeza ndani ya kiungo. Bega linaweza kukakamaa. Kwa hiyo muulize daktari wako bila kuona haya: Kipande changu ni kikubwa kiasi gani? Nisipopasuliwa, nitegemee nini? Nikipasuliwa, mkono utarudi kiasi gani? Je, wewe hufanya upasuaji huu mara kwa mara, ama unipeleke kwa mwenzako? Daktari mwema hakasirikii maswali.

Kuhusu gharama, kumbuka kwamba tangu mwaka 2024 SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Jiandikishe wewe na watu wako mkiwa wazima. Kabla ya kulazwa, uliza ofisi ya hospitali ni kiasi gani kitalipwa na bima, na vyuma vimehesabiwa au la. Kujua mapema huokoa siku, na tumeona jinsi siku zilivyo na thamani hapa.

Baada ya upasuaji, kazi yako ndiyo inaanza. Mkono utaning'inizwa kwa wiki 4 hadi 6 hivi, lakini vidole, kiganja na kiwiko uvichezeshe tangu siku za mwanzo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakuonyesha namna ya kuinama na kuuacha mkono ubembee polepole. Kuinua mkono kwa nguvu zako mwenyewe kutaanza baadaye, akikuruhusu. Kubeba mizigo mizito husubiri angalau miezi 3, na raga au mieleka husubiri zaidi. Ukiharakisha utavunja kazi ya daktari, na ukiogopa kabisa bega litaganda. Ukivuta sigara, huu ndio wakati wa kuiacha, kwa maana moshi huchelewesha mfupa kuunga. Mwenye kisukari adhibiti sukari yake. Kidonda kikitoa usaha, kikiwa chekundu zaidi, au ukipata homa, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Nawe ndugu unayeishi na mgonjwa, una nafasi yako. Kwa wiki hizo hataweza kufunga vifungo, kuogesha mtoto wala kuchota maji. Msaidie, na umkumbushe mazoezi yake. Mwajiri naye ampe muda. Wiki 6 za mapumziko ni nafuu kuliko mkono uliopotea maisha.

Mpenzi msikilizaji, ukisahau yote niliyosema leo, shika moja. Bega likitoka, hata likirudi lenyewe, hata maumivu yakiisha, nenda ukapigwe picha wiki hiyo hiyo. Na kama wewe ni yule ambaye bega lilitoka mwaka jana na bado linakutisha ukiinua mkono, nenda pia. Hujachelewa kuangaliwa.

Kufikia hapo ndipo tunapokomea leo. Tukutane tena katika kipindi kijacho, Mungu akipenda. Jitunze, na umtunze mwenzako. Kwaheri.