Kidonge cha Pili: Dawa za Kolesteroli kwa Waliozeeka na ARV

Mhadhara huu unaanzia Rodi Kopany, pale barabara ya kutoka Rongo kwenda Homa Bay inapoachana na ile ya Ndhiwa. Mwaka 2012 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliwapima wakazi wa Ndhiwa wa miaka 15 hadi 59, likakuta karibu mmoja katika kila wanne ana virusi vya UKIMWI. Shirika hilohilo lilianza kutoa ARV, dawa za kuvidhibiti virusi hivyo, bure katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001. Aliyeokolewa na vidonge vile akiwa na miaka 30 leo amepita 50. Ana wajukuu, na ana presha.

Virusi, hata vikidhibitiwa, huendelea kuuchokoza mwili chini kwa chini, na mishipa ya damu huwahi kuziba. Ndipo kinapokuja kidonge cha pili, statini.

Mjapani Akira Endo aliipata ya kwanza kwenye ukungu mwaka 1973. Statini huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli. Ini likipungukiwa, huivuta ile iliyo kwenye damu. Lakini anayeambiwa ameze hadi kufa ana haki ya kuuliza: baada ya miaka ishirini mwili utakuwaje?

Jibu moja limetoka Scotland. Wanaume 6,595 wenye kolesteroli nyingi waligawanywa, wengine wakapewa statini iitwayo pravastatini na wengine kidonge kisicho na dawa, kwa miaka mitano hivi. Walipofuatiliwa hadi miaka 20, waliopewa dawa walikuwa wamekufa kwa moyo kwa uchache zaidi, na saratani haikuwa imeongezeka kwao.

Jibu la pili liko karibu zaidi na Rodi. Utafiti wa REPRIEVE ulihusisha watu 7,769 wenye virusi, katika nchi 12, Uganda ikiwemo. Matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba pitavastatini ilipunguza mishtuko ya moyo, kiharusi na madhara makubwa ya aina hiyo kwa asilimia 35. Gharama yake nayo ilionekana: kisukari kiliwapata asilimia 5.3 ya waliomeza dawa, dhidi ya asilimia 4.0 ya wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa; maumivu au udhaifu wa misuli, asilimia 2.4 dhidi ya 1.4. Kwa mizani ya haki, faida inazidi. Hata hivyo sukari ipimwe, na anayelalamikia misuli asikilizwe.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye mchanganyiko wa dawa. Ritonavir, inayotumiwa na baadhi ya walio kwenye ARV za awamu ya pili, huzuia ini kuivunjavunja simvastatini. Dawa hurundikana, misuli huanza kuharibika, na mabaki ya misuli hiyo yanaweza kuua figo. Wawili hao hawapaswi kukutana tumboni mwa mtu mmoja kamwe. Dolutegravir, ARV wanayomeza wengi siku hizi, haina ugomvi huo. Kwa hiyo mgonjwa afike kliniki na vidonge vyake vyote, hata vya duka la dawa, avimwage mezani mbele ya daktari.

Na hapo kwenye duka la dawa pana uchungu. ARV ni bure. Statini wengi huinunua. Msimu wa karo ukifika kidonge huachwa, na kwa wiki chache kolesteroli hurudi ilikokuwa. Ingefaa Kaunti ya Homa Bay ivitoe vidonge vyote viwili siku moja, dirisha moja.