Shimo la Buzwagi na Daftari la Mwenye Mali



Leo tunazungumza habari za shimo. Liko Buzwagi, Kahama, na dhahabu ilianza kutoka humo mwaka 2009. Mwaka 2021 uzalishaji ulikoma. Miaka 12 tu! Mtoto aliyezaliwa siku ilipotoka dhahabu ya kwanza hakuwa amemaliza shule ya msingi.

Dhahabu ile haikuotwa na kampuni. Mawe ya upande ule wa kusini ya Ziwa Viktoria yana umri upitao miaka milioni 2,500. Maji ya moto yalipanda katika nyufa za mwamba, yakaacha humo mishipa ya mawe meupe yenye dhahabu na shaba. Alichokiweka Mungu kwa muda huo hakioti tena kama mahindi.

Kazi yenyewe ni hii. Mwamba hutobolewa, hulipuliwa kwa baruti, na magari makubwa hupanda na mawe kwa njia ya kuzunguka. Kifusi hutupwa, mbale hupelekwa kinuni zikasagwe. Katika migodi ya namna hii tani nzima ya mbale aghalabu hutoa gramu moja au mbili tu. Pale Buzwagi sehemu ya dhahabu ilibaki pamoja na shaba katika mchanga uitwao makinikia, ukapelekwa ng'ambo kuyeyushwa. Machi 2017 Serikali ilizuia mchanga huo usitoke.

Sasa tuulize: mwenye mali ni nani? Mkataba wa Buzwagi ulitiwa sahihi London, Februari 2007. Bwana Zitto Kabwe alipouhoji Bungeni mwaka ule ule, alisimamishwa. Lakini swali halikusimamishwa. Iliundwa kamati ya Jaji Mark Bomani, na sheria mpya ikapitishwa mwaka 2010. Mrabaha wa dhahabu ukatoka 3 kwa mia ukawa 4, na mwaka 2017 ukawa 6. Yaani katika dhahabu ya shilingi laki moja, zamani tulihesabiwa elfu tatu. Sasa elfu sita.

Jina la kampuni nalo lilibadilika: Barrick, kisha African Barrick Gold, kisha Acacia, kisha Barrick tena mwaka 2019. Mwaka 2020 ikawa Twiga, Serikali ikiwa na hisa 16 kwa mia na Barrick 84. Mwaka uliofuata kinu cha Buzwagi kikanyamaza. Tulikaribishwa mezani sahani zikikusanywa.

Hata hivyo Bulyanhulu na North Mara zingali zinafanya kazi chini ya Twiga hiyo hiyo. Huko ndiko kwa kuangalia. Hisa ni karatasi. Faida hugawanywa baada ya kutoa gharama, na anayeandika gharama ndiye anayejua faida. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi kazi yetu ni tatu. Tudai mikataba isomwe hadharani, kabla ya sahihi, si baada yake. Tusomeshe vijana wetu hesabu na elimu ya miamba, ili wakae kinuni na katika daftari. Na kila halmashauri yenye mgodi iseme leo wananchi watakula nini siku shimo litakapofungwa.

Dhahabu huchimbwa mara moja. Ndugu, tusihesabiwe na wengine. Tuhesabu wenyewe.