Kichwa cha Saa Nane za Usiku



Tuliolala bweni moja mwaka 1981 tutamkumbuka kijana aliyezunguka uwanjani saa nane za usiku, ameshika jicho la kulia. Kiranja aliniandika mtoro. Jicho lilikuwa jekundu, likibubujika machozi, pua ya upande huohuo imeziba, na maumivu kama msumari wa moto. Kulala siwezi, kukaa siwezi. Baada ya saa moja hivi yanakwisha. Kesho, saa ileile, yanarudi. Wiki sita, kisha kimya hadi mwaka uliofuata.

Niling'olewa meno mawili mazima. Wengine walisema ni kipandauso, lakini mwenye kipandauso hutaka giza na utulivu. Mimi nilitaka kupiga kichwa ukutani.

Jina la ugonjwa nililipata nikiwa na miaka 43: klasta. Na dawa yake, msicheke, ni hewa! Oksijeni tupu kwa barakoa, lita 12 kwa dakika, kwa muda wa dakika 15. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha nafuu katika mashambulizi 78 kwa kila 100. Kwa hewa ya kawaida ni 20 tu. Msimu ukianza daktari hunipa pia verapamili, huku akinipima moyo.

Viranja wa sasa, mkimkuta mwenzenu uwanjani usiku, mtazameni jicho kwanza.

Msimu wangu umeanza juzi. Mtungi uko garini. Pombe huamsha maumivu hayo, basi jioni mkiniona na soda, si ulokole.