Kopo la Mtoto wa Shule

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Ilula)



Leo hatukuja na jambo kubwa. Tumekuja na kopo. Ni kopo la plastiki, lina mfuniko. Tuzungumze juu ya kitu cha kutia humu asubuhi, kabla mtoto hajaenda shule.

Hapa Ilula tunalima. Nyanya na vitunguu vyetu vinapakiwa kwenye magari, vinakwenda mpaka Dar es Salaam. Mahindi tunayo. Maharage tunayo. Lakini uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika mkoa wetu wa Iringa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Chakula tunacho, na watoto wamedumaa! Hebu tulifikirie hilo. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1975, iliyoitwa Chakula ni Uhai. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana. Jambo lile halijaisha.

Tuitazame siku ya mtoto. Msimu wa kuchuma nyanya, baba na mama wanaondoka alfajiri. Mtoto anaamka, jiko limezimika. Anapewa shilingi 200, au hapewi. Akipewa, ananunua barafu. Barafu ni maji, sukari na rangi, basi. Saa sita njaa imerudi, na mwalimu bado anafundisha. Yule asiyepewa kitu anakwenda kukaa nyuma ya darasa mpaka wenzake wamalize kula. Sisi tumemwona mtoto wa namna hiyo. Tulipomwuliza, alisema ameshiba.

Wengine wanasema, "Si elimu ni bure tangu 2016?" Ni kweli, ada ilifutwa. Lakini chakula cha mchana katika shule ya kutwa kimebaki juu yetu wazazi. Pale ambapo wazazi wamekubaliana kuchanga mahindi na maharage, watoto wanakula chakula cha moto. Hilo ndilo bora, tunalisema wazi. Pale ambapo bado, tufunge chakula nyumbani.

Tufunge nini? Usiku ukimaliza kupika, osha viazi vitamu, viweke tayari kwenye sufuria. Asubuhi unapowasha moto wa chai, vichemshe. Vitaiva huku unatafuta jembe lako. Kama unavyo vile vya rangi ya chungwa, ndiyo vizuri zaidi, vina vitamini A. Ongeza yai la kuchemsha, na mtoto asilimenye mpaka saa ya kula. Tia karanga za kukaanga, kiganja kimoja. Mwisho, nyanya nzima iliyooshwa vizuri, isiyokatwa. Tunauza matenga kwa matenga, mtoto wetu akose nyanya moja?

Karanga zichague. Yenye ukungu itupe, hata kuku usimpe. Ile ni sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, kwa mahindi tu.

Juu ya kande, sisi wenyewe tulikosea. Tulizitia kwenye kopo zikiwa za moto, tukafunika haraka kwa kuwa tumechelewa. Saa saba mtoto alipofungua, zilinuka uchachu. Akashinda na njaa siku nzima. Chakula cha moto kikifunikwa kinatoa jasho, na vijidudu vinapenda joto na majimaji. Kwa hiyo pakua kwanza, acha kipoe, ndipo ufunike. Kande za jana usimfungie kabisa. Mle nyumbani, tena mkizipasha moto mpaka zichemke.

Mama mmoja ametuuliza, "Na mimi nisiye na kopo?" Mama, kitambaa safi kilichofuliwa kinatosha kwa viazi na yai. Lakini lile kopo la dawa ya nyanya, hapana! Wala chupa yake isitiwe maji ya kunywa. Hata ukiliosha mara kumi kwa sabuni, sumu imeingia kwenye plastiki. Litoboe, lisiokotwe na mtoto.

Na kina baba wanaocheka pale nyuma, kuchemsha yai hakuhitaji cheti. Anayeamka kwanza ndiye awashe moto.

Jioni mtoto akirudi, fungueni kopo pamoja. Kama viazi vimerudi, usimgombeze, mwulize. Wapo wanaoona haya kutoa kiazi mbele ya wenzao wenye maandazi. Kama kopo ni tupu na bado analia njaa, mwulize vilevile. Pengine amegawana na yule wa nyuma ya darasa. Basi kesho tia viazi viwili zaidi.